Sensa ya sukari kwa mtoto: Libre 2 au Dexcom G7?

MamaWawili_Bamburi: Assalaam aleikum. Mwanangu ana kisukari aina ya kwanza, na vidole vyake vishachoka kudungwa. Daktari ametuambia tuanze sensa, kile kifaa kinachobandikwa mkononi kupima sukari. Nachagua baina ya Libre 2 na Dexcom G7. Ipi bora? Nataka kununua wiki hii.

BabaTudor: Waaleikum salaam. Dada, mtoto ana miaka mingapi? Na simu yako ni gani? Bila hayo tutakushauri nini?

Nyota_Likoni: Chukua Libre. Moja inakaa siku 14, ya Dexcom siku 10. Kwa mwezi ni sensa 2 dhidi ya 3, na hela zatoka mfukoni mwako.

BabaTudor: Bei si kila kitu. G7 inaanza kusoma baada ya nusu saa, Libre 2 saa nzima. Tena Libre 2 kuiwasha kwa simu lazima simu iwe na NFC (ile ya kusoma kifaa kwa kukikaribia tu), na simu nyingi za bei nafuu hazina.

UmmuSalma: Yoyote utakayonunua, stripu za kupima damu ya kidole usitupe! Wangu, usiku wa tatu, kengele ililia saa nane. Natazama, 2.9, chini mno. Nikamuamsha nimpe juisi, akafumba mdomo huku analia, ikamwagika yote kifuani. Nikampaka asali kwenye ufizi. Dakika kumi, bado chini, nikaongeza. Nilipokumbuka kumdunga kidole: 14, iko juu! Kumbe alikuwa ameulalia mkono wenye sensa, na ukiibana inasoma chini kuliko ilivyo. Nilikaa naye hadi alfajiri. Sasa akiwa hana dalili, namgeuza ubavu na kudunga kidole kwanza. Akitetemeka au akilegea, sukari hapo hapo, vipimo baadaye.

Nyota_Likoni: Pole mamangu. Lakini kukiwa na sensa, stripu za nini tena?

UmmuSalma: Sensa haipimi damu, yapima majimaji ya chini ya ngozi, hivyo yachelewa dakika kadhaa. Sukari ikishuka mbio, dakika hizo ni nyingi.

MamaWawili_Bamburi: Samahanini, ana miaka 6. Simu ni yangu, na yeye yuko madrasa hadi alasiri. Jumapili haogi ila baharini. Ila tatizo kubwa ni woga, akiona tu kile kibandikio anakimbilia chini ya kitanda.

BabaTudor: Basi kengele haitakufikia yeye akiwa madrasa na simu iko nyumbani. Ulizia kisomaji chake, kile kifaa kidogo cha kuonyesha vipimo bila simu, abebe kwenye mkoba, na ustadhi aonyeshwe.

Shangazi_Kongowea: Woga una dawa. Mimi nilimbandika mwanasesere plasta mkononi, kisha nikajibandika mwenyewe, halafu nikamwambia achague mkono wa kulia au wa kushoto. Alichagua wa kushoto.

Nyota_Likoni: Na jasho hili la Mombasa je? Ya wangu hubanduka.

Shangazi_Kongowea: Kabla ya kubandika, osha mkono kwa sabuni isiyo na mafuta, kausha vizuri, na usimpake losheni. Kwani asubuhi anakula nini, mahamri kwa mbaazi?

MamaWawili_Bamburi: Mahamri mawili. Ni mengi?

UmmuSalma: Ya ukubwa gani?