Ukimuuliza mgonjwa kama amekula, nawe huna cha kumpa, unafanyaje?

Nesi wa Zamu:
Wakuu, habari zenu. Naomba mawazo, hasa kwa mliofanya kazi za ustawi wa jamii.

Nipo kliniki ya kifua kikuu. Kuna mama mmoja alikuwa anakuja wiki hii, anapotea mbili. Kwenye kadi yake mtu alishaandika kwa kalamu nyekundu: MTORO. Aliporudi nilikuwa nimejiandaa kumsema, ila nikamwomba kwanza anioneshe dawa zilizobaki. Akafungua kitambaa. Vidonge vilikuwa mafungu mawili. Nikamuuliza ya nini. Akasema, "Dada, hivi nameza siku nikiwa na uhakika wa kula. Hivi vinasubiri."

Dozi ni miezi 6. Anayeijua anajua mwili ukianza kupata nafuu njaa inavyouma.

Tangu siku hiyo kila mgonjwa namuuliza: umekula? Nauli ya kurudi unayo? Mnalala wangapi chumba kimoja? Wananijibu kweli, kisha wananitazama, na mimi mikono mitupu. Mwenzangu ananiambia niache, natonesha vidonda vya watu bure. Kweli nikae kimya?

Mwanaustawi:
Usikae kimya, dada. Ila badilisha namna ya kuuliza. Waulize wote maswali yaleyale, mlango umefungwa, asije mtu akadhani umemchagua kwa sababu ya nguo zake. Mwisho ongeza swali moja ambalo wengi wanalisahau: "Ungependa tukusaidie kwenye hili?" Wapo wenye njaa wasiotaka jambo lao lijulikane, na hiyo ni haki yao.

Na usimpe karatasi yenye namba ya simu ukadhani umemsaidia. Piga wewe, akiwa amekaa hapo hapo, mpaka apate jina la mtu na siku ya kwenda. Nimeona karatasi nyingi zikiishia mfukoni.

Kuhusu chakula, huyo mwenzako mwambie hivi. India, jimbo la Jharkhand, watafiti walifuatilia familia za wagonjwa 2,800 wa TB. Wagonjwa wote walipewa chakula, lakini kwenye kundi moja hata watu wa nyumbani kwao walipewa. Matokeo yalitoka 2023: nyumba hizo zilipata wagonjwa wapya pungufu kwa karibu asilimia 39. Chakula kiliwakinga watu na TB!

Zamu Mbili:
Naheshimu mawazo yenu, lakini foleni yangu inaanza kabla ya jua kuchomoza. Kodi ya nyumba ya mgonjwa nayo ni kazi ya nesi?

Mwanaustawi:
Kuilipa si kazi yake, ndugu yangu. Kujua kwamba ipo ndiyo kazi yake, maana dozi ikikatika mgonjwa anaweza kurudi kwenye foleni hiyohiyo akiwa na TB sugu, isiyosikia dawa za kawaida. Hata Shirika la Afya Duniani, kwenye mkakati wake wa kutokomeza TB, linahesabu nauli na siku za kazi zilizopotea. Gharama zote zikipita asilimia 20 ya mapato ya kaya kwa mwaka, hilo ni janga. Dawa kutolewa bure hakuondoi hesabu hiyo.

Sisikii Naona:
Mimi ni kiziwi. Niliwahi kukaa kwenye benchi la kliniki tangu asubuhi mpaka dirisha la dawa likafungwa. Jina langu lilikuwa limeitwa mara tatu. Kwenye daftari nikaandikwa sikufika. Wala sikuhitaji mkalimani wa lugha ya alama siku ile, nilihitaji mtu aandike namba kwenye karatasi na kuinyanyua juu. Dada Nesi, endelea kuuliza. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Nesi wa Zamu:
Nimesoma yote, asanteni sana. Sisikii Naona, pole mno. Hilo la benchi limeniuma, maana najua nimeshaita majina hivyohivyo.

Leo nimeanza na kadi ya yule mama. Nimelikata lile neno, pembeni nikaandika: "Anameza dawa siku anazopata chakula. Ana nauli ya kuja tu." Mganga mfawidhi amekubali achukue dawa za wiki mbili kwa mkupuo, na keshokutwa nitampigia mtu wa ustawi mama mwenyewe akiwepo.

Sisikii Naona, hiyo namba tuiandike kwenye kadi yenyewe au karatasi kubwa ya peke yake? Kutoka benchi la nyuma inasomeka?