Kliniki ya kukaza tumbo Kilimani: pesa walipokea upesi, wifi yangu alipojaa maji tumboni simu hawakushika

Hawa watu wana haraka ya kitu kimoja tu, kupokea pesa. Ukishalipa, wewe na kidonda chako mtajuana wenyewe.

Naandika kwa ruhusa ya mwenyewe, mke wa kaka yangu. Kliniki siitaji. Malalamiko tumeshayapeleka kwa Baraza la Madaktari, KMPDC, na sitaki wakili wao apate pa kushika. Iko Kilimani, Nairobi, ghorofa ya juu, chini kuna duka la kucha na wigi. Hayo yanatosha.

Wifi ana watoto wanne, wawili wa mwisho ni mapacha waliotoka kwa upasuaji. Baada ya hapo alipunguza uzito kwa jasho lake, kilo zikashuka, lakini ngozi ikabaki pale pale, imening'inia chini ya kitovu. Jua la Januari likiwaka panachubuka, panatoka vipele na harufu, mtu anatembea na poda kwenye mkoba kama mama wa mtoto mchanga. Misuli ya katikati nayo iliachana, akiinuka kitandani panatokeza uvimbe mrefu kutoka kifuani kwenda chini. Mtaalamu wa viungo alimwambia waziwazi: mazoezi yataipa misuli nguvu, ila ngozi iliyovutika kiasi hicho hairudi kwa mazoezi. Kwa hivyo nyinyi mliokwisha kuanza kuandika "si angekuwa anakimbia asubuhi", tulieni kwanza.

Akaingia Instagram, akakuta picha za kabla na baada, akapiga simu. Siku ile ile akapewa nafasi. Hapo mimi nilifurahi, nikidhani ni uchapakazi.

Tulipofika tulipokelewa na dada mmoja amevaa koti jeupe, kompyuta mkononi. Tukamwita daktari na yeye akaitika. Akamfunua wifi tumbo, akalifinya kidogo, akasema "hii tutaitoa yote, mama". Nilikuja kujua baadaye kwamba ni mtu wa mauzo, analipwa kwa kila kichwa anacholeta. Hakuuliza kama wifi anataka mtoto mwingine, na hilo ndilo swali la kwanza, kwa sababu mimba nyingine inaweza kuachanisha tena misuli iliyoshonwa. Hakuuliza kama ananyonyesha, kama anavuta sigara au shisha, kama anameza vidonge vya kupanga uzazi, kama katika ukoo kuna mtu aliyewahi kuganda damu mguuni. Wifi alikuwa anameza vidonge, na vile vyenye homoni ya estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda. Alichouliza yule dada ni kama tutalipa kwa M-Pesa au kwa benki.

Acha niseme huu upasuaji ni nini, maana pale Kilimani hakuna aliyetuambia. Unalazwa usingizi kamili. Wanakata kutoka nyonga hadi nyonga, chini kabisa, kwenye mstari wa nguo ya ndani. Wanaibandua ngozi na mafuta yake kwenda juu hadi karibu na mbavu. Wanashona misuli iliyoachana ikutane katikati. Kisha ngozi inavutwa chini kama shuka, inayozidi inakatwa, na kitovu kinatobolewa tundu jipya. Ni saa kadhaa kwenye kitanda cha upasuaji. Sasa mtu anakwambia eti utarudi kazini baada ya siku tatu! Mtu wa kazi ya ofisini huhitaji wiki mbili hivi, na mizigo mizito haiguswi kwa wiki nne hadi sita. Mapacha wa miaka miwili ni mizigo mizito.

Pesa sasa. Mimi ni mtunza hesabu Industrial Area, nimeshika kila risiti. Bei ya kwenye tangazo ilikuwa Sh350,000, "kila kitu ndani". Baada ya kuweka Sh100,000 zisizorudishwa, kila kitu kikaanza kutoka nje. Vipimo vya damu, kando. Daktari wa usingizi, kando. Kitanda cha usiku mmoja, kando. Mkanda wa kubana tumbo, Sh15,000, na lazima uwe wa kwao. Asubuhi ya upasuaji, wifi ameshavaa gauni la hospitali na hajala tangu usiku, yule dada anaingia na ofa: kunyonya mafuta kiunoni, Sh90,000, "leo tu". Akampa na fomu ya ridhaa ya kurasa kadhaa, Kiingereza kitupu, asaini kabla daktari hajaingia. Mtu mwenye njaa na hofu, uchi chini ya gauni, unamuuzia ofa? Hiyo ni biashara ya mnada.

Namshukuru Mungu, ofa ya mafuta aliikataa. Fomu aliisaini.

Na mjue Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 8, inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa faida, hatari, gharama na matokeo ya kila njia ya matibabu, na pale inapowezekana kwa lugha anayoielewa. Gharama pia imo humo. Si hisani ya kliniki.

Daktari mpasuaji alimwona dakika chache, akamchora kwa kalamu, basi. Kazi yenyewe, nikiwa mkweli, naona mshono umenyooka. Mkono wa yule bwana siulalamikii sana. Ninacholalamikia kilianza pale walipomtoa mlangoni.

Asubuhi iliyofuata wakampa ruhusa. Alikuwa na mirija miwili inayotoka karibu na kidonda, kila mmoja una kichupa cha plastiki cha kufyonza majimaji ya damu. Nesi akanionyesha jinsi ya kukimwaga mara moja, tena huku anaongea na simu. Kuandika ni kiasi gani hakusema. Na akatupa onyo la kututia wazimu: alale chali, asisogee.

Kaka yangu yuko Doha, kwa hivyo muuguzi ni mimi, Donholm, nyumba ya vyumba viwili. Kwa kuwa nimezoea vitabu vya hesabu, nilichukua daftari la Kasuku nikachora safu: saa, mrija wa kulia, mrija wa kushoto, mililita, rangi. Hakuna aliyeniomba nifanye hivyo. Ingetakiwa niombwe. Kawaida mrija hutolewa majimaji yakishuka hadi kama mililita 30 kwa saa 24. Siku waliyotuita kuutoa, mrija wa kulia ulikuwa bado uko juu ya 80, ninayo kwenye daftari. Nikamwonyesha nesi. Akasema, "Sisi tunafuata ratiba, mama." Akaivuta yote miwili. Kuhusu kusogea, nilimwuliza kama aanze kutembea, akajibu bado.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Tumbo likaanza kuvimba upya upande wa kulia, ukiligusa linatikisika kwa ndani. Nikapiga simu. Haishikwi. Nikatuma picha kwa WhatsApp, zikasomwa. Jibu likaja kesho yake: "Ni kawaida dear, kaza mkanda." Ukazwe mkanda juu ya maji! Nikauliza daktari yuko wapi, nikaambiwa yuko kwenye upasuaji. Nikauliza tena usiku, kimya. Kwenye Instagram lakini walikuwa macho, wanajibu "njoo inbox" kwa kila anayeuliza bei.

Usiku homa ikapanda na ngozi juu ya mshono ikawa nyekundu na moto. Tukachukua teksi hadi hospitali nyingine, sehemu ya dharura. Daktari kijana pale alitazama, akasema ni seroma, majimaji yaliyojikusanya penye nafasi kati ya ngozi na misuli, na sasa yameingia maambukizi. Akaingiza sindano, akavuta bomba baada ya bomba, nikaacha kutazama. Kisha akaminya shavu la mguu wa wifi na kuuliza: amekuwa akitembea? Nikamwambia tuliagizwa asisogee. Yule kijana alinyamaza, halafu akaeleza taratibu: baada ya upasuaji huu mtu huinuliwa mapema, hata kama anatembea ameinama, kwa sababu akilala tu damu inaweza kuganda miguuni na donge likapanda hadi mapafuni. Akauliza kama alipewa sindano ya kuzuia kuganda. Hatujui. Haikuandikwa popote, maana hata karatasi ya kuruhusiwa tuliyopewa ilikuwa na jina, tarehe na namba ya Paybill.

Mguu ulipigwa picha, uko salama. Lakini nilikaa kwenye benchi lile nikimfikiria kaka yangu, ningempigia nimwambie nini.

Hospitali ikaomba ripoti ya upasuaji. Kilimani wakasema ni siri ya kliniki. Tena wakaongeza kwamba kama tunaitaka kuna ada ya kuandaa. Ada ya kuandaa karatasi iliyotakiwa kuandikwa siku ya upasuaji! Bima ya kazini ya wifi ikakataa bili ya dharura, ikisema ni madhara ya upasuaji wa urembo. Tumelipa sisi.

Na bado. Akiwa amelazwa, mfanyakazi mwenzake anamtumia kiungo: "Huyu si wewe?" Wameweka picha ya tumbo lake, kabla na baada. Uso haupo, lakini ana alama ya kuzaliwa ubavuni ambayo kila aliyewahi kuogelea naye anaijua. Hakuwahi kuulizwa. Picha ya "baada" yenyewe ilipigwa angali mezani, kabla uvimbe haujaanza, mshono umefunikwa na ua la waridi la kuchora. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti. Hilo tumelipeleka kwa Kamishna wa Data, faili yake peke yake, tusichanganye na ya Baraza.

Nimeingia pia kwenye rejista ya KMPDC mtandaoni, kila mtu anaweza kuingia. Jina la yule daktari lipo na leseni yake ni hai. Penye ubingwa hapana kitu. Ni daktari wa kawaida, si mpasuaji wa plastiki, na kufika huko ni miaka mingine mingi ya masomo baada ya digrii ya kwanza. Kule Instagram anaitwa bingwa. Nani alimpa? Mpiga picha?

NYONGEZA 1: Nimesoma majibu. Anayeuliza "kwani alilazimishwa", hapana, hakulazimishwa, alilipa. Ukilipia nyumba ikakuangukia utalaumiwa wewe? Na wanaume mnaoandika "tamaa ya urembo", nendeni mkaulize wake zenu wanapaka nini chini ya tumbo wakati wa joto.

NYONGEZA 2: Kuna aliyesema nakuza mambo, mtu hafi kwa tumbo. Oktoba 2024 mwanamke alifariki hapa hapa Nairobi baada ya upasuaji wa kunyonya mafuta, Baraza likakifunga kituo. Wengi wenu mliandika "poleni" wiki nzima. Halafu kliniki zikaongeza matangazo.

NYONGEZA 3: Wanaouliza kwa sababu wanataka kufanya. Simkatazi mtu, wifi mwenyewe anasema angefanya tena, ila mahali pengine. Tafuta jina la daktari kwenye rejista na uangalie ubingwa, tena jina lake kamili, si lile la Instagram. Uliza nani atakuwa daktari wa usingizi, na upasuaji unafanyikia hospitali ipi, ina chumba cha wagonjwa mahututi au la. Uliza namba ya nani itashikwa saa nane usiku, kisha ipige saa nane usiku kabla hujalipa hata shilingi. Wakikasirika, umeokoa laki tatu.

NYONGEZA 4: Wamenipigia! Uzi una saa chache na simu ambayo haikushikwa wiki nzima imejipiga yenyewe. Yule dada wa koti jeupe, sauti ya asali, eti watarudisha "sehemu" ya pesa tukifuta uzi na kusaini karatasi kwamba hatutawasema. Nimemwomba atume ripoti ya upasuaji kwanza. Amekata simu.

Aliyewahi kuipata ripoti kutoka kliniki inayokataa, kupitia Baraza au kwa barua ya wakili, aniandikie hapa ilichukua muda gani. Wifi ana kliniki ya kidonda kesho saa nne, nitawajibu jioni tukirudi.