Matroni ananilia hela ya LUKU, au hesabu zangu ndiyo mbovu?

Mwenye Hosteli:
Wakuu, habari. Nina hosteli ya wasichana Ng'ong'ona, Dodoma, vyumba 14, wawiliwawili. Mimi naishi Dar. Pale yupo matroni, walinzi wawili wa kupokezana na dada wa usafi. Namtumia matroni elfu kumi kumi ananunua umeme, ananiandikia uniti. Siku zote 28. Tarehe 2 mwezi huu kasema zimeingia 23 na pointi. Mwezi jana tarehe 1, hivyohivyo. Na siku haiishi, giza! Miaka mitatu hajawahi kunidokolea hata sabuni. Jana nikamuuliza kwa ukali, akanyamaza, akakata simu. Nimwondoe?

Kipanga:
Tulia mkuu. Ukinunua mara ya kwanza kila mwezi wanakata kodi ya jengo, mambo ya tangu 2021. Siku hizi ni 1,500. Uniti ni kama 356 pamoja na kodi zake. Toa, gawa. Na kwa nini umtumie hela? Nunua kwa simu yako, yeye mtumie zile namba 20 aingize.

Fundi Mita:
Kuisha ni hita. Ile ya kutumbukiza kwenye ndoo, wati 2,000, nusu saa ni uniti nzima. Wasichana 28, baridi ya Juni, kila mtu ndoo yake. Piga hesabu mwenyewe. Weka kila chumba mita yake ndogo, hita zitajificha zenyewe.

Mama wa Zamu:
Mimi ni matroni, Mbeya. Mabosi wa mbali mna shida. Juzi saa nane usiku binti kashikwa na tumbo, nikaita bajaji, elfu nane yangu, mpaka leo hiyo hela naisikia kwa jirani. Lakini uniti nne zikipungua, simu inaita kabla sijanawa uso. Huyo mama ana mkataba wa maandishi? NSSF unampelekea? Maana ukimtoa kwa hilo, mtakutana CMA, kule kwenye usuluhishi wa migogoro ya kazi, na utaenda kueleza nini?

Mwenye Hosteli:
Nimegawa. 23.9. Dah.
Mkataba hana, tulielewana kwa mdomo tu. Nimempigia mara tatu hapokei. Mlinzi anasema yupo, anafua mapazia ya ukumbini. Kesho napanda treni ya asubuhi.