Tupeane uzoefu: umewahi kununua chakula kwa mtu aliyekilima mwenyewe?

Mzee wa Gulio: Wadau, habari za leo. Naishi Arusha mjini, ila kila Jumamosi napanda daladala kwenda gulioni Tengeru. Mke wangu anasema ni kupoteza nauli, nyanya zipo hapa hapa mtaani. Ni kweli zipo. Lakini Tengeru kuna mama mmoja wa Kimeru anayeuza mshare, zile ndizi za kupika, na kila nikifika huniuliza, "Za kupika leo au keshokutwa?" Masika iliyopita nilishika mkungu mzuri, akanikatalia. "Hizo acha baba, migomba iliangushwa na upepo, hazijakomaa." Nikarudi nyumbani na mboga za mnafu tu, nikachekwa. Nyie je?

Mluguru wa Juu: Mkuu, mimi ndiye nakaa nyuma ya beseni. Tunalima Mgeta, milimani huku Morogoro: kabichi, karoti, njegere. Lori la Dar likija, gunia linajazwa, kisha linaongezewa kilemba kwa juu na kushonwa. Lumbesa hiyo, na linahesabiwa gunia moja. Sheria ya vipimo inasema mwisho kilo 100, lakini mwenye lori ndiye mwenye sindano. Nikibeba karoti gulioni Nyandira na kuziuza kwa mafungu, hela inaingia kidogo kidogo, ila bei naipanga mimi, na nyongeza natoa kwa hiari yangu. Sasa msije mkadhani naweza kuliacha lori. Magunia 20 ya kabichi utayamaliza kwa mafungu lini? Kabichi haingoji. Mwaka juzi niligoma kuwauzia, nikaishia kulisha ng'ombe wa jirani.

Shemeji wa Ilala: Pole sana mkuu. Ila wadau, si kila aliyekaa chini na beseni ni mkulima. Mimi niliwahi kuuziwa mayai ya kienyeji kando ya barabara, nimefika nyumbani nayaosha, rangi inatoka! Yalichovywa kwenye majani ya chai. Tangu siku hiyo natazama kwanza meza. Mtu ana nyanya, hoho, malimao na vitunguu saumu vyote kwa pamoja? Huyo kaamka alfajiri kwenda kununua kama wewe tu. Halafu muulize kapanda lini. Mchuuzi atakwambia mzigo umeingia jana, mkulima ataanza kulalamikia mvua.

Nyar Kawangware: Hahaha, hiyo ya mvua ni kweli kabisa. Huku Nairobi soko letu kubwa linaitwa Wakulima, sisi twasema Marikiti, lakini ukiingia kukiwa bado giza wengi utakaowapata ni mabroka, yaani madalali. Mimi managu, huo mnafu wenu, nanunua kwa mama mboga wangu. Halimi, ila ananikatia sukuma nikingoja, na mwisho wa mwezi ananikopesha. Huyo pia mnamweka wapi?

Binti Tanga, Minneapolis: Nyie mna raha. Nilipofika Marekani nilikaa miaka miwili bila kuona majani ya maboga, dukani wanauza boga lenyewe tu. Siku moja nikapita soko la wakulima la hapa mjini, nikakuta bibi wa Kihmong, watu waliotoka Laos, kayafunga mafungu na vile vikonyo vyake vichanga. Kiingereza chake na changu vyote vya kuungaunga. Akanionyesha kwa vidole jinsi ya kumenya nyuzi, nikamwonyesha nami najua. Tukacheka. Wenye kadi ya serikali ya msaada wa chakula nao wananunua pale. Theluji ikianza ndiyo basi, nasubiri mpaka kiangazi.

Mzee wa Gulio: Nimerudi. @Nyar, mama mboga anayekopesha mshikilie hivyo hivyo. @Shemeji, Jumamosi nimemjaribu yule mama kwa maswali yako: umepanda lini, umeweka mbolea gani, shamba liko wapi. Akaniangalia weee, kisha akasema, "Baba, unanunua ndizi au unakuja kuoa?" Nimenunua mkungu.