Tupeane uzoefu: kumwacha mbwa mdogo kwa watu wa kulea mbwa ukisafiri

Begi Tayari: Wakuu habari zenu. Nasafiri karibuni na nina kijibwa, kilo nne hafikishi. Nyumbani hatabaki mtu. Kuna mahali wanapokea mbwa wa wasafiri, picha zao zinang'aa, ila picha nazo mnazijua. Mliowahi kuacha mbwa wenu huko, mlichagua vipi?

Koti la Mvua: Nenda bila kupiga simu. Wakikwambia mwisho ni mapokezi, wanakolala mbwa hapaonyeshwi, geuza na mbwa wako. Mkojo ukikuchoma macho kabla hujaingia, usiingie.

Mzee wa Zamu: Piga simu kwanza bwana. Mgeni akizuka tu, banda zima linabweka. Panga saa, halafu ukague kila kona.

Koti la Mvua: Ukipanga saa wanadeki.

Jicho Kavu: Uzi huu umenitonesha donda. Wangu walimchanganya na mbwa wakubwa ua mmoja, eti wameshazoeana. Nakuja kumchukua, kajikunja, ananitazama tu, mkia hautikisiki. Namgusa ubavuni, analia. Kijana wa pale ananiambia, "Jana walicheza kidogo, hana hata kidonda." Na kweli huoni kitu, manyoya yamefunika. Daktari wa mifugo akamnyoa ubavu: matundu mawili, utadhani kachomwa pini. Nikashusha pumzi. Daktari akaniambia nisifurahi bado. Mbwa mkubwa akimkamata mdogo humkung'uta. Kwenye ngozi jino linaacha tundu, huko chini nyama inachanika na ngozi inabanduka. Kupiga picha, ubavu mmoja umevunjika. Akafunguliwa, akasafishwa, akawekewa mpira wa kutoa majimaji. Amepona, ila geti la chuma likilia anakimbilia chini ya kitanda. Kwa hiyo mimi nauliza swali moja tu: wadogo wana ua wao? Usiniambie mnawaangalia. Nataka kuona ukuta.

Chai Bila Sukari: Daah. Pole sana dada.

Kalamu Nyekundu: Na karatasi ya kusaini isomwe yote. Mbwa akiumia nani anamlipa daktari? Wanaweza kumkimbiza hospitali kabla hawajakupata kwenye simu? Kama haimo, iandikwe kwa mkono hapohapo.

Simba wa Uani: Mbwa kazi yake kulinda. Mnampeleka hotelini alalie godoro! Wangu nikisafiri wanabaki uani, jirani anawarushia chakula.

Jicho Kavu: Na maji?

Simba wa Uani: Mvua si inanyesha.

Koti la Mvua: Watu kama wewe ndio mnaotakiwa kufungwa mnyororo.

Simba wa Uani: Matusi ya nini sasa? Nimetoa uzoefu, si ndio mada?

Mzee wa Zamu: Turudi kwenye mada. Wasipokuuliza cheti cha chanjo, kimbia, maana hata mwenye mbwa atakayelala banda la jirani na wako hakuulizwa. Chanjo zenyewe ni za kichaa cha mbwa, distempa (virusi vinavyoshika mapafu na neva), pavo (virusi vya kuharisha damu), na ya kile kikohozi cha mabandani, wanachoambukizana mbwa wakikaa pamoja. Hii ya kikohozi usingoje siku ya safari. Ya puani inahitaji kama siku 3 kuanza kukinga. Ya sindano, kama hajawahi kuchanjwa, ni dozi 2 zinazopishana wiki 2 hadi 4. Na waulize wanasafishia nini. Pavo inakaa kwenye udongo miezi na miezi, sabuni ya kawaida haiiwezi. Wakitaja dawa ya klorini, sawa. Wakitaja marashi, kwaheri.

Chai Bila Sukari: Wangu alichanjwa na bado alirudi anakohoa.

Mzee wa Zamu: Vijidudu vya kikohozi hicho viko vingi, chanjo haivimalizi, inapunguza makali. Tena kinaweza kuchelewa hata wiki 2. Akirudi, asiende kwanza kucheza na mbwa wa shemeji.

Kalamu Nyekundu: Beba chakula chake mwenyewe, akibadilishiwa ghafla anaharisha. Na hawa wadogo, hasa wachanga, wakigoma kula sukari inashuka, wanatetemeka, wanaanguka. Uliza nani anayeangalia bakuli kama limeliwa.

Chai Bila Sukari: Mpe na shuka lako ambalo halijafuliwa, alale na harufu yako.

Koti la Mvua: Usimpe! Wangu alilitafuna akameza kipande, akaishia kupasuliwa.

Chai Bila Sukari: Huyo wako ni mbuzi.

Jicho Kavu: Kama ni mtafunaji acha, kama si mtafunaji mpe. Na avae mkanda wa kifuani, wa shingoni unawabana koo hawa wadogo.

Begi Tayari: Asanteni. Nimepiga ile namba, nikauliza usiku nani analala na mbwa. Kanijibu, "Kuna kamera." Nikauliza moto ukiwaka kamera inafungua mlango? Kakata simu. Natafuta kwingine.

Simba wa Uani: Jirani yangu yupo, na mlango anajua kufungua.