Jirani mwovu mwenye cheo: watunzi wetu wanamkwepa kwa nini?

Mzee wa Rasimu
Wadau, salaam. Mliokwisha kuiona Lakeview Terrace ya 2008 mnanielewa. Samuel L. Jackson ni askari wa Los Angeles, jirani wanahamia wanandoa vijana, mume mweupe na mke mweusi, naye hawataki. Anaanza na taa ya ulinzi inayopiga dirisha la chumba chao cha kulala, anamalizia na bastola. Utamu wote wa mkasa uko sehemu moja: ukipiga simu polisi, polisi ndiyo yeye.

Kwetu Tanzania jirani mwovu ni mchawi, mama mkwe, au tajiri wa ndagu. Askari, mkuu wa wilaya, ofisa ardhi, hao hawawi majirani wa mtu kwenye filamu. Ni woga wa watunzi, au watazamaji ndio hawataki? Karibuni.

Kalamu Kavu
"Woga wa watunzi." Haya bwana.

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni Na. 4 ya 1976. Mswada wa filamu unapelekwa Bodi ya Filamu kabla kamera haijawashwa, unalipia kibali, ukimaliza filamu inarudi kukaguliwa na kupangiwa daraja la umri. Hapo bado hujagusa sare, gari la doria wala chumba cha mahabusu, ambavyo unaviombea ruhusa kwa wenyewe. Yaani unamwomba mtu akuazime fimbo ya kumchapia. Unayemwita mwoga ana bajeti ya siku tisa za kupiga picha. Siku tatu akisubiri barua, mwigizaji mkuu keshaenda tamthilia nyingine.

Bi Mkasi
Kaka Kalamu, kibali kisiwe kichaka. Miswada ya jirani mwovu hufa kwenye ukurasa kabla Bodi haijaiona. Tatizo ni lile lile: onyesho la tatu tu, mwovu anacheka peke yake sebuleni, kinanda kinalia, tumeshajua kila kitu. Halafu dakika tisini tunasubiri mhusika ajue tunachokijua.

Jirani anatisha kwa ngazi. Ngazi ya kwanza iwe ndogo kiasi kwamba ukimlalamikia unaonekana wewe ndiye mkorofi: gari limeegeshwa nusu geti, muziki dakika kumi zaidi. Ya pili iwe na maelezo mawili, moja la heri. Ya tatu ndipo maelezo ya heri yanakufa. Na kamera ikae upande wa ukuta alipo mwathirika. Hitchcock kwenye Rear Window (1954) alijenga ua mzima ndani ya studio, lakini karibu filamu yote ikabaki kwenye chumba kimoja cha mtu mwenye mguu uliovunjika. Kamera ikiruka ukuta kwenda kwa jirani kila dakika tano, hofu inavujia huko huko.

Na hiyo taa mnayoisifia tuiache Marekani. Nchi hii nani awashe taa usiku kucha kumkomoa jirani? LUKU, umeme wa kulipia kabla, ingemwishia kabla filamu haijafika nusu.

fundi_taa_Mbagala
Dada Mkasi, nakuheshimu kwenye uhariri ila umeme tuachie wenyewe.

Halojeni ya wati 500, saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi, ni uniti 6. Uniti moja kwa bei ya kawaida pamoja na kodi ni shilingi 356. Zidisha, ni kama 2,136 kwa usiku, elfu 64 kwa mwezi. Hiyo ni ya zamani. LED ya wati 100 ya kweli (siyo zile zilizoandikwa 100 ukizipima zinakula 40) inatoa mwanga unaokaribia halojeni hiyo hiyo. Uniti 1.2 kwa usiku, 36 kwa mwezi, kama shilingi 12,800. Jirani mwenye chuki anashindwa elfu kumi na tatu?

Kalamu Kavu
Kama yuko ile bei ya watumiaji wadogo, shilingi mia moja kwa uniti, ni nafuu zaidi. Jirani mwovu mwenye ruzuku.

fundi_taa_Mbagala
Hiyo mwisho uniti 75 kwa mwezi mkuu. Ana friji, pasi na TV, na taa ya 36 juu yake. Akipita 75 nafuu inakwisha. Mwovu lazima awe na mahesabu.

Mzee wa Rasimu
Jamani swali lilikuwa la cheo.

Mama Goba
Mnabishana taa kama vile Dar hakuna masika. Jirani wa Dar akitaka kukumaliza anasubiri mvua. Saa 8 usiku inapiga, anafungua kifuniko cha chemba ya maji machafu, au anatoa tofali moja chini ya ukuta upande wenye mteremko. Yote yanashukia kwako. Asubuhi mvua imeshasafisha, tofali limerudi mahali pake, ushahidi huna. Una harufu tu, na harufu haipelekwi kwa mwenyekiti kwenye bahasha.

Sasa mvike huyo jirani cheo cha bwana afya. Ukishtaki, anayekuja kukagua ni yeye.

Bi Mkasi
Mama, hapo nimenyamaza. Bwana afya! Hakuna sare ya kuombea kibali hata moja, ni kitabu cha faini tu na kalamu mfukoni.

Afande Mstaafu
Nimesoma kimya muda mrefu. Nyinyi vijana mnapenda kulichafua jeshi kwa sababu ya sinema ya Mmarekani. Kwetu kuna utaratibu. Askari akikuonea unakwenda kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, usiporidhika kwa RPC, kamanda wa mkoa, ipo TAKUKURU ya kuzuia rushwa, ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Kwanza mambo ya taa na maji machafu hata hayafiki polisi, yanaishia Baraza la Kata, anapigwa faini yamekwisha. Mkasa uko wapi?

Wakili wa Buguruni
Shikamoo afande. Hapo kwenye Baraza la Kata umebaki nyuma. Tangu marekebisho ya 2021, kwenye migogoro ya ardhi mabaraza ya kata yanasuluhisha tu, hayaamui. Yana siku 30, ikishindikana unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na taa siyo mgogoro wa ardhi, ni kero. Inaanza kwa mjumbe, inapanda serikali ya mtaa, mwenyekiti anaandika barua ya wito, anapiga muhuri. Jirani haji. Barua ya pili. Haji tena. Mtunzi anayejua kazi, muhuri peke yake unampa maonyesho mawili.

Ila mnahangaika na taa wakati mkasa umelala kituoni. Fuateni hatua.

Jirani askari anakuwahi. Wewe unapanga kwenda kumlalamikia kesho, yeye leo keshafungua RB, yaani taarifa ya kosa kituoni, dhidi yako: kutishia kwa maneno. Unafika kituoni ukiwa mlalamikaji, unaambiwa kaa pale, unatafutwa. Akikupiga, unahitaji PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ili majeraha yako yawe ushahidi, na PF3 inatoka kaunta ile ile, kwa mtu anayekunywa naye chai. Siku muhimu kuliko zote ni Ijumaa jioni. Sheria inataka saa 24, lakini Jumamosi mahakama haikai, kwa hiyo unalala mpaka Jumatatu na wanakuambia hakuna aliyevunja kitu. Humo ndani hamna risasi hata moja. Ni saa ya ukutani na daftari.

Afande Mstaafu
Marahaba. Lakini "anayekunywa naye chai" ndiyo dharau ninayoisema. PF3 ni haki ya kila mtu, hailipiwi. Na aliyeumia vibaya hospitali inamtibu kwanza, fomu inafuata. Andika na hilo.

Wakili wa Buguruni
Naandika, mzee wangu, ni kweli kabisa. Na filamu ikubali hivyo hivyo: daktari anamtibu vizuri, kwa moyo mmoja, halafu anamuuliza kwa upole, "Fomu iko wapi?" Hapo ndipo panauma.

Kalamu Kavu
Sasa Wakili unatupa bure vitu vya kuuza. Ngoja nichokoze: akiwa mkuu wa wilaya je?

Wakili wa Buguruni
Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997. Mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya wanaweza kuamuru mtu akamatwe, awekwe ndani hadi saa 48. Masharti yapo: liwe kosa, au hatari kwa amani ambayo haiwezi kuzuiwa kwa njia nyingine, sababu ziandikwe, na usipofikishwa kwa hakimu ndani ya muda huo uachiwe, na asikukamate tena kwa sababu ile ile. Mjadala wa miaka yote ni kwamba "wekeni huyu ndani" inatamkwa mbele ya kamera za waandishi, na karatasi ya sababu haionekani. Kwa mtunzi saa 48 ni zawadi. Mtazamaji anajua mwisho wake, mhusika hajui kama karatasi imeandikwa.

Mtaa wa Pili (Nairobi)
Majirani, niruhusuni. Afande wa huko juu asema kuna utaratibu. Huku kwetu pia kuna, IPOA, mamlaka ya kusimamia polisi, iliundwa kwa sheria ya 2011. Josephat Mwenda alipigwa risasi na polisi, akalalamika kwa kufuata utaratibu huo huo. Juni 2016 wakitoka kortini Mavoko yeye, wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi Joseph Muiruri wakatekwa, wakauawa. Hukumu ya kifo dhidi ya Fredrick Leliman, afisa aliyekuwa amelalamikiwa, ilitoka Februari 2023. Haki ilifika, sikatai. Ilichukua miaka sita na zaidi. Filamu ya dakika mia utaimalizaje na hiyo?

Mzee wa Rasimu
Asante ndugu wa Nairobi, umenirudisha kwenye mada. Kwenye Lakeview Terrace mume anamchokoza askari mbele ya askari wenzake, askari anachomoa bastola, anampiga mume risasi ya bega, wenzake wanamuua. Dola inajisafisha barabarani kwa sekunde kumi. Kwangu huo ni ujanja wa mwandishi. Ushahidi wa kweli ulikuwa simu ya yule mwizi aliyetumwa kuvunja nyumba: mume anapiga namba iliyomo na inaita kwa jirani. Hiyo ndiyo ingepaswa kummaliza.

Afande Mstaafu
Mimi sijasema kitu cha kubeza marehemu wa Kenya. Niwekwe sawa hapo.

Mtaa wa Pili (Nairobi)
Hujabeza mzee, pole. Nilijibu "mkasa uko wapi".

Kitabu Kimoja
Nyote mmesahau vitabu. Mkasa wa Kiswahili umelelewa na serikali. Willy Gamba wa Musiba ni jasusi wa dola, anatumwa, anaua, anarudi shujaa. Msomaji aliyekua na huyo atamwogopaje mwenye kitambulisho cha kazi? Jibu la mada ni hilo, siyo Bodi wala LUKU.

Kalamu Kavu
Nusu kweli. Bwana Msa wa Muhammad Said Abdulla, tangu 1960, hana cheo chochote, ana kiko chake na akili. Joram Kiango wa Mtobwa ni mpelelezi wa kujitegemea. Usitubebeshe jasusi mmoja ukoo mzima.

Kitabu Kimoja
Nimesema "umelelewa", sikusema "umezaliwa". Soma kwanza.

Kalamu Kavu
Nimesoma. Kulelewa na mmoja kati ya watatu ni malezi ya zamu.

Bi Mkasi
Wanaume hao wameanza. Fundi, nina swali la kazi wakati wanapigana. Tukimpa bwana afya wa Mama Goba ile taa, nikipiga kwa simu picha inakuwa na mistari inayopanda. Kwa nini?

fundi_taa_Mbagala
Umeme wetu ni hezi 50, LED ya bei rahisi inapepesa mara 100 kwa sekunde. Simu inarekodi fremu 30 kwa sekunde, shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/60 ya sekunde, haiendani na mapigo. Weka fremu 25, shata 1/50, kila fremu inashika mapigo mawili kamili, mistari inaondoka. Usipoweza kubadili fremu, weka shata tu 1/50 au 1/100, ila lazima uifunge kwa mkono, ukiiacha ijipangie yenyewe itahama mtu akipita mbele ya taa.

Mama Goba
Na maji ya chemba mtayapata wapi? Msije mkatumia ya kweli.

fundi_taa_Mbagala
Simtank la lita 1,000 juu ya stendi ya mita mbili, bomba la inchi 2, koki ya kufungua mara moja. Linaisha dakika mbili tatu, kwa hiyo una nafasi moja tu kabla ya kujaza upya. Rangi ni udongo mwekundu na majani ya chai yaliyochemshwa, yachujeni, machicha yanaziba koki. Bomba la bustani la nusu inchi litawaaibisha, linaonekana kama mtu anamwagilia mchicha.

Mvua ya kutengeneza iwe na taa nyuma yake. Ukimulika kutoka mbele, matone hayaonekani kabisa.

Bi Mkasi
Nyuma yake, yaani kutokea upande wa jirani?

fundi_taa_Mbagala
Juu ya ukuta wake, imeelekezwa kwenye dirisha la chumba cha kulala.

Bi Mkasi
Haya, nimefuta maneno yangu ya LUKU. Taa ibaki. Kalamu, ukimalizana na Willy Gamba njoo tuandike onyesho la kwanza. Gari limeegeshwa nusu geti, na nyuma ya kioo kuna kitabu cha faini.