Emin Pasha na askari wake: aliyeasi ni nani?

Mtoa mada: Wakuu, kila anayesimulia habari za Equatoria, jimbo la Misri kusini mwa Sudan, humsifu Emin Pasha kuwa gavana aliyebaki mwaminifu kwa Misri wakati Mahdi, kiongozi wa dini aliyeiasi Misri, akiimeza Sudan. Mimi nasema waaminifu walikuwa askari wake walioasi. Mwaka 1884, Lupton, gavana wa jimbo jirani la Bahr el-Ghazal, alipojisalimisha kwa watu wa Mahdi na barua yao ikaja kumtaka Emin naye afuate, yeye na maofisa wake walikubali, hata wakateua ujumbe. Mambo yakageuka tu baadaye.

Mchangiaji wa kwanza: Unamwonea mkuu. Khartoum ilianguka Januari 1885, Gordon, gavana mkuu wa Sudan, akauawa, Cairo ikamtupa Emin. Bado alishikilia jimbo mpaka mvumbuzi Stanley akamfikia 1888 na barua ya Khedive, mtawala wa Misri: anayetaka aondoke, anayebaki abaki kwa hatari yake. Kutumia ruhusa ya mkubwa wako ni usaliti?

Mtoa mada: Ruhusa si amri. Halafu hebu waza kama askari. Misri unayoijua iko kaskazini, kwa kufuata Nile. Leo anatokea Mzungu kutoka msitu wa Kongo, watu wake hoi, matambara mwilini, anakwambia njia ya Cairo ni Bagamoyo! Hata mimi ningesema barua imeghushiwa. Agosti 1888 askari wakamfunga Emin pale Dufile, ngome yake kando ya Nile. Novemba jeshi la wafuasi wa Mahdi likaja, na waasi hao hao ndio waliolifukuza.

Mchangiaji wa pili: Mnabishania bendera tu. Waulizeni Wabari, wenyeji wa huko, waliokuwa wakiporwa ng'ombe na nafaka na vikosi hivyo. Kwao gavana na waasi ni walewale.

Mtoa mada: Hilo silipingi, na labda ndilo zito kuliko yote. Ila kwa bendera, tazama: Emin alifika Bagamoyo Desemba 1889. Mwaka uliofuata yuko kwa Wajerumani, anapandisha bendera yao Tabora, anaanzisha kituo Bukoba. Selim Bey, ofisa wa Emin aliyebaki nyuma, alikutwa na Mwingereza Lugard 1891 na akakataa kuiacha bendera ya Khedive bila idhini ya Khedive mwenyewe. Wanubi wengi wa Bombo (Uganda) na Kibera (Kenya) wana asili kwa askari wale.

Mchangiaji wa kwanza: Usimtakase. Selim naye alitaka kuondoka, ila Stanley hakumsubiri. Na 1893 Waingereza walimkamata wakimshuku kuwaunga mkono Waislamu wa Buganda. Huko nako utasema alikuwa mwaminifu kwa nani?